UZI: Aliumia kichwa, sasa hafanyi mazoezi. Si uvivu, wanajamvi

DadaWaUmoja

Habari za jioni. Jambo hili nimekaa nalo miezi mingi. Leo naliandika kwa sababu juzi niliona mama mmoja humu akilia kwamba kijana wake "amekuwa mzembe" tangu atoke hospitalini. Nilisoma nikajiona mimi mwenyewe.

Mdogo wangu ni seremala. Alikuwa akitengeneza vitanda na stuli Gikomba, na mtu mwenye bidii kama yeye sijamwona kwetu. Mwaka jana, jioni, akivuka Outer Ring Road, pikipiki ikamgonga. Damu ilivilia ndani ya fuvu wakamfungua kichwa usiku uleule. Kile kipimo cha Glasgow cha kupima fahamu huanzia 3 na kuishia 15, na yeye alikuwa na 7. Daktari akatueleza kwamba kuanzia 8 kushuka chini hilo ni jeraha kali. Siku kumi na moja hakufumbua macho.

Tulimrudisha nyumbani wiki ya saba, upande wa kushoto ukiwa dhaifu. Hospitali, ambayo siitaji, ilitupa karatasi moja yenye mchoro wa mtu anayeinua mguu na maneno "mazoezi kila siku". Basi, hatukupewa zaidi ya hapo.

Sasa sikilizeni. Fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alikuwa akija mara mbili kwa wiki, na mbele yake mdogo wangu alifanya kila kitu: anasimama, anatembea sebuleni, anahesabu hatua. Fizio akifunga mlango, anaketi kwenye kiti chake cha dirishani na haondoki hapo mpaka aitwe kula. Ukimwuliza kama amefanya mazoezi, anajibu "nitafanya". Saa tano, "nitafanya". Saa nane, "nitafanya". Hakuwa na jeuri hata kidogo, na ukimtazama usoni unaona kabisa kwamba anamaanisha. Kisha jua linatua.

Nilimgombeza. Nilimwambia maneno ambayo nikiyakumbuka usiku silali: kwamba mama anauza mbuzi kijijini kwa ajili yake naye amekaa tu. Mjomba akaja kumpa hotuba ya saa nzima. Mdogo wangu alisikiliza, akasema "sawa mjomba", akabaki kwenye kiti.

Siku moja nilirudi kazini saa kumi na mbili jioni nikamkuta amevaa kiatu kimoja. Kingine kilikuwa mkononi. Nikamwuliza unaenda wapi. Akasema, "Nilitaka kutoka nje kidogo." Nikamwuliza tangu saa ngapi. Akafikiri muda mrefu, kisha akasema, "Tangu ulipoondoka." Mimi niliondoka saa moja asubuhi. Jirani alikuwa amemletea chakula saa saba, akakila vilevile, kiatu kimoja mguuni.

Niliketi sakafuni pale mlangoni nikalia. Mtu asiyetaka kutembea havai hata hicho kimoja.

---

FizioMtaani

Dada, pole sana, na asante kwa hicho kiatu. Nimefanya kazi hii miaka kumi na miwili Eastlands na sijawahi kupata mfano bora wa kuwaeleza familia.

Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inayopanga na kuanzisha. Ikiumia, mtu anaweza kubaki na nia, na nguvu za mguu zikawa zinarudi, lakini kile kinachobadili nia kuwa tendo kimelegea. Ni kama gari lenye mafuta na injini nzima, stata ndiyo imekufa. Ndiyo maana mbele ya fizio wenu anafanya vizuri: fizio ndiye stata yake kwa dakika arobaini. Akiondoka ameondoka nayo.

Kwa hiyo kumhimiza mtu wa namna hii kwa maneno ("jikaze", "unataka kupona au hutaki?") hakumfikishi popote. Unaongeza mafuta kwenye gari lisilo na stata. Anachohitaji ni mwanzo uliowekwa nje ya kichwa chake: saa ileile, mahali palepale, kitu anachokiona kwa macho, na sababu anayoijua.

Halafu msisahau mambo mengine yanayofanana na uvivu. Kuna uchovu, ambao kwa walioumia ubongo ni mojawapo ya malalamiko ya kawaida kabisa na haupimiki kwa kumtazama mtu. Kuna huzuni. Kuna kusahau: umempa mazoezi matano, yamebaki mawili. Kuna maumivu ya bega asiyoyasema. Na kuna hofu ya kuanguka, ambayo wanaume wengi hawaitaji kwa jina lake. Kila moja ina dawa yake, ndiyo maana lazima muulize kabla hamjasukuma.

---

KondaMstaafu

Dada pole. Lakini nina swali, na naliuliza kwa nia njema. Kijana akisukumiwa gari kila asubuhi, atajifunza lini kuwasha mwenyewe? Sisi tulilelewa kwa ukali na tukasimama. Naogopa huruma ikizidi itamlemaza.

---

DadaWaUmoja

Mzee wangu, swali lako ndilo nililokuwa nalo, na ukali niliujaribu miezi mitatu mizima. Matokeo yake yalikuwa kwamba alianza kuogopa sauti ya funguo zangu mlangoni. Hakutembea hata hatua moja zaidi.

Hivi ndivyo tulivyofanya baadaye, mimi na fizio wetu. Yeye hakuanza na mazoezi. Aliketi naye akamwuliza, "Ukipona, kitu cha kwanza unataka kufanya ni nini?" Nilitarajia aseme kutembea. Akasema, "Kupiga msasa."

Nilinunua karatasi za msasa namba 80 na namba 120 pale kwenye hadwea ya chini. Nikapata kipande cha mninga kutoka kwa rafiki zake wa Gikomba. Tukaweka meza imara karibu na ukuta, kifuani kwake, na kiti nyuma yake ili miguu ikichoka aketi asianguke. Saa tatu asubuhi, baada ya chai, ile mbao na msasa vinakuwa tayari mezani. Hatumwambii "fanya mazoezi". Mtu aliye nyumbani anasema neno moja, "Msasa", na kumgusa bega la kulia.

Siku ya kwanza alisimama dakika nne. Nilikuwa natazama mkono wake wa kushoto, ambao kwenye yale mazoezi ya kubana mpira ulikuwa kama wa mtu mwingine. Aliulaza juu ya mbao ili kuishikilia, vidole vikafunguka vyenyewe kimoja baada ya kingine, na mkono wa kulia ukawa unaenda na nyuzi za mbao, haukatishi hata mara moja. Akapuliza vumbi. Akapitisha kiganja kuhisi, akafumba macho kama alivyokuwa akifanya zamani. Akarudia pale palipokwaruza.

Wiki ya tatu alikuwa anasimama dakika ishirini. Kusimama, kuegemea upande dhaifu, kuinama kuokota, kuketi na kuinuka tena. Fizio alihesabu akaniambia ameinuka kwenye kiti mara kumi na tisa asubuhi moja. Kwa ile karatasi ya michoro hajawahi kufika tano.

Kwa hiyo mzee wangu, huruma haikumlemaza. Tulimwashia ili apate kuendesha.

---

MamaWaKahawaWest

Nimesoma huku machozi yananitoka. Mume wangu alipata kiharusi mwaka juzi, si ajali, lakini ubongo ni uleule. Ninachotaka kuwaambia wanaouguza: MSIVUTE ule mkono dhaifu. Mimi nilikuwa namshika mkono wa kushoto kumwinua kitandani kila asubuhi, kwa mapenzi kabisa. Bega likaanza kutoka mahali pake. Maumivu yale ndiyo yaliyomfanya akatae mazoezi miezi miwili, nasi tukidhani amekata tamaa. Shika kiunoni, au kwenye mshipi wa suruali upande wa nyuma, na mwache ainame mbele kwanza, pua ipite vidole vya miguu, ndipo ainuke.

Naye pia hakurudi kutembea kwa ajili ya mazoezi. Alirudi kwa ajili ya gazeti. Nilikuwa namletea. Nikaacha. Nikamwambia kibanda kiko mita hamsini, tutakwenda pamoja.

---

FizioMtaani

Mama umesema jambo kubwa la bega. Naomba niongeze la ngazi, maana nusu ya Nairobi tunaishi kwenye fleti zisizo na lifti na watu wanafungiwa ghorofa ya nne kama ndege. Kupanda, mguu mzima unatangulia. Kushuka, mguu mgonjwa unatangulia. Anayemsaidia husimama upande wa chini siku zote: akipanda uwe nyuma yake, akishuka uwe mbele yake. Mkono mzima ushike reli. Na msimwongeleshe! Mtu aliyeumia ubongo mara nyingi hawezi kutembea na kujibu swali kwa wakati mmoja, akili inagawanyika, mguu unakwama. Vivyo hivyo mkivuka barabara. Simameni ndipo mzungumze.

Mguu ukiburura vidole, kuna kifaa cha plastiki kinachoshika kifundo. APDK (chama cha wenye ulemavu wa viungo Kenya), ambao wamekuwa wakihudumia watu wenye ulemavu tangu 1958, wana tawi Waiyaki Way. Nendeni mpimwe, msinunue cha mtu mwingine barabarani.

Na waliotolewa kipande cha fuvu ambacho bado hakijarudishwa: asisimame wala kutembea bila kofia ngumu ya kumkinga kichwa. Hilo halina mjadala.

---

Nyota_ya_Rongai

Swali: ni kiasi gani kinatosha? Kaka yangu anatembea ploti nzima mara moja halafu anasema basi. Namwona kama anaweza zaidi.

---

FizioMtaani

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2020, na kwa mara ya kwanza likaweka humo watu wazima wenye ulemavu: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Lakini mwongozo huohuo unasema kufanya kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa, na anza kidogo uongeze polepole. Mimi nikianza na mtu aliyetoka wodini sitaji 150. Nataja dakika tano, mara tatu kwa siku.

Kujua kama ni wastani, msikilize: anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Akiweza kuimba pambio zima, ongeza mwendo. Akishindwa kumaliza sentensi, punguza. Kwa aliyepoteza usemi, tazama pumzi.

Na kuhusu "anaweza zaidi", tafadhali kuwa mwangalifu. Apumzike KABLA hajachoka. Ukisubiri achoke umechelewa.

---

DadaWaUmoja

Hapo naomba niungame kosa langu ili mwingine asilirudie.

Msasa ulipokwenda vizuri nilipata tamaa. Jumapili moja nikampeleka Arboretum, ile bustani ya miti hapa Nairobi, kwa sababu ni mahali nilipokuwa nampeleka akiwa mdogo. Matatu mbili, muziki juu, kelele za mjini, jua, watu, watoto wakikimbia, kisha mzunguko mzima kwenye miti ile. Alitembea! Nilipiga picha kumi na nne nikawatumia watu wote. Saa tisa alianza kujibu maneno taratibu. Saa kumi aliketi kwenye nyasi akasema anataka kulala hapohapo. Tulirudi kwa teksi. Siku tatu hakuondoka kitandani, na msasa ukakaa mezani bila mtu. Mdogo wangu akasema, "Mimi siwezi kitu." Hilo ndilo lililoniuma, maana wiki moja kabla alikuwa ameanza kuamini kwamba anaweza.

Fizio hakunilaumu. Alinionyesha kwamba miguu haikuwa imechoka kupita kiasi. Kilichochoka ni ubongo, kwa kuchuja kelele na watu tangu asubuhi. Sasa tunahesabu siku nzima: kama kuna kliniki, hakuna msasa. Kama kuna wageni, matembezi ni mafupi. Tulirudi Arboretum mwezi uliofuata, siku ya katikati ya wiki, saa mbili asubuhi, tukatembea dakika kumi na mbili, tukala mayai na chapati, tukarudi. Siku iliyofuata aliamka vizuri.

---

MwalimuWaKayole

Samahani kwa kuingilia. Nina mwanafunzi, kidato cha pili, aligongana vichwa na mwenzake uwanjani wiki mbili zilizopita. Hospitali walisema ni mtikisiko wa ubongo tu, hakuna damu iliyovilia. Mama yake amemfungia chumba chenye giza tangu siku hiyo, bila simu, bila kutoka. Je, ni sawa?

---

FizioMtaani

Mwalimu, mama amefanya kama tulivyokuwa tukifundishwa zamani. Siku hizi ushauri ni tofauti kwa mtikisiko mwepesi: siku moja hadi mbili za kutulia, si za kulala gizani, kisha matembezi mepesi na kuongeza hatua kwa hatua. Dalili zikipanda kidogo si hatari. Mwambie ajipe alama za maumivu kutoka 0 hadi 10. Zikipanda kwa mbili au chini ya hapo na kushuka ndani ya saa moja, anaweza kuendelea na kiwango hicho. Zikipanda zaidi, asimame na kesho afanye kidogo. Masomo yarudi kwa awamu pia. LAKINI asirudi kwenye mpira wa kugombania mpaka daktari amruhusu, kwa sababu pigo la pili kabla ya kupona ni baya sana.

Na hili ni kwa wote, mtikisiko au jeraha kali: kichwa kinachozidi kuuma, kutapika tena na tena, usingizi usio wa kawaida, udhaifu mpya, au degedege, acheni mazoezi na mwende hospitali hapohapo. Kwa aliyewahi kupata degedege baada ya ajali, dawa asikose, ngazi za kuegemeza asipande, na asiogelee peke yake.

---

KondaMstaafu

Nimerudi. Nimesoma yote mara mbili. Nina jirani hapa Dandora, kijana wa pikipiki, anaketi mlangoni tangu Desemba. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia ajikaze kila nikipita. Kesho sitamwambia hivyo. Nimuulize nini?

---

DadaWaUmoja

Mzee wangu, Mungu akubariki. Mpe mambo mawili achague, yote ya kweli. "Twende tukanywe chai kwa kibanda cha mbele au twende tukaone mpira?" Ukiuliza "ungependa kufanya nini leo?" unampa mlima. Viwili vinabebeka. Halafu ukisema saa nne, uwe pale saa nne. Usimkosee siku ile, maana akikuandalia viatu na usije, si rahisi kumwinua tena.

Sisi hapa tumewapa majirani kazi. Mama mboga wa chini hatupi mboga tena mkononi mwangu. Anasema, "Mwambie fundi aje achukue mwenyewe." Ni ngazi thelathini na mbili kushuka na thelathini na mbili kupanda. Anarudi na sukumawiki ya shilingi ishirini kwenye mfuko uliotundikwa mkono wa kushoto. Tuna daftari la shule la kurasa 48 limening'inizwa msumarini karibu na mlango, na kila akitoka anachora mstari mwenyewe. Mimi siligusi. Wiki ya kwanza lilikuwa na mistari mitatu. Halafu kuna wiki mbili tupu, zile za baada ya Arboretum na mafua yaliyofuata. Niliziacha tupu, sikutaka kuzificha.

Kuna siku anakataa, na siku hiyo tunaacha. Fizio alinifundisha kuuliza "kuna kinachouma?" kabla ya kuuliza "kwa nini?" Mara mbili jibu lilikuwa ndiyo: mara moja kisigino kilikuwa na lengelenge kwa sababu ya kile kifaa cha plastiki, naye hakuwa amelisikia vizuri kwa kuwa upande huo ganzi haijaisha.

---

Nyota_ya_Rongai

Nilijaribu jana. Kaka yangu alikuwa na redio mbovu. Nikamwambia tuipeleke kwa fundi au tuipeleke kwa Baba Njeri. Akachagua fundi. Ni mbali kuliko ploti mara tatu. Tulipumzika mara mbili kwenye benchi za watu.

---

DadaWaUmoja

Naleta habari ya leo.

Saa mbili na dakika arobaini nilikuwa jikoni naosha vikombe, sijaweka mbao mezani bado, sijasema neno lolote. Nikasikia kiti kinasogea. Nilizuia mikono yangu kwenye maji nisigeuke. Hatua zake nazijua, ule wa kushoto unatua kwa kishindo kidogo. Zikaja mpaka mlangoni pa jikoni.

Akasema, "Dada, ile namba 120 imeisha."

Alikuwa amevaa viatu vyote viwili.

Tulishuka hadwea pamoja. Alilipa yeye, akahesabu chenji polepole, muuzaji akamsubiri. Sasa ile stuli aliyokuwa akiitengeneza imekwisha na mbao za mninga hakuna tena, kwa hiyo ameniomba niulize humu: kama kuna mtu Umoja, Donholm au karibu ana kiti au stuli iliyochakaa inayohitaji kupigwa msasa, alete. Hatozi. Anachoomba ni muda, maana kazi moja inaweza kuchukua wiki mbili au tatu.

---

KondaMstaafu

Nina viti viwili vya marehemu mke wangu. Nakuja Jumamosi saa nne. Yule kijana wa hapa Dandora nitamwomba anishikie kimoja.